Kilomita tatu za tochi, mita tatu za zebra

Jumamosi asubuhi nilikwenda Nyakato, hapa Mwanza, kuhesabu hatua, kwa sababu ya ubishi wa tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo: dereva aliyezidisha kilomita mbili au tatu asamehewe au asisamehewe? Nilisimama kwenye zebra, nikageukia upande yanakotokea magari ya Igoma, nikaanza kutembea pembeni mwa lami. Hatua ya 47 ilinikuta chini ya mwavuli wa dada anayefanya miamala ya simu. Nikaendelea. Hatua ya 60 ilinikuta mbele ya karai la chipsi. Hatua yangu ina kama sentimita 75, kwa hiyo mwavuli uko mita 35 hivi kutoka kwenye zebra, na karai liko mita 45.

Namba hizo nilikuwa nimezipata nyumbani kwa hesabu ya darasani, nikataka kuziona zilivyo juu ya ardhi. Gari dogo lenye breki nzuri na matairi mazuri, kwenye lami kavu, likiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, linahitaji mita 35 hivi kusimama. Mita 21 za kwanza zinaliwa kabla mguu haujagusa breki. Ni sekunde moja na nusu ya macho kuona, kichwa kuelewa na mguu kuhama. Mita 14 zinazobaki ndizo za breki yenyewe. Likiwa na 60, linahitaji mita 45. Maana yake, dereva wa 50 ambaye yuko usawa wa mwavuli anapomwona mtoto kwenye zebra anasimama kabla ya kumfikia. Dereva wa 60, akiwa hapohapo usawa wa mwavuli anapomwona mtoto, anafika kwenye zebra bado ana kilomita 43 kwa saa.

Na mwenye 53? Huyu ndiye anayesumbua, kwa sababu ndiye ambaye madereva wote tunamtetea. Kilomita tatu tu juu ya kibao cha 50! Yeye anahitaji mita tatu zaidi ya mwenye 50. Lakini gari halipunguzi mwendo sawasawa kwa kila mita. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, hivyo mita za mwanzo za breki hupunguza kidogo, na mita za mwisho ndizo zinazoangusha mwendo kwa ghafla. Mwenye 53 anapofika pale ambapo mwenzake ameshasimama, bado ana kilomita 23 kwa saa. Ni kasi ya baiskeli inayokanyagwa kwa nguvu zote, ila hapa kinachokuja ni chuma chenye uzito wa tani moja na zaidi.

Ninaanza na mwavuli na karai kwa sababu ubishi wa tochi, kila ninapousikia hapa Mwanza, unaanzia kwa trafiki. Amejificha, ameonea, ana njaa. Mara chache unaanzia kwenye zebra. Swali linaloulizwa sasa ni kama dereva aliyezidisha kilomita mbili au tatu achukuliwe sawa na mkosaji mwingine yeyote, bila kusamehewa hata moja. Nimelifikiria kwa muda mrefu. Naona linatuchanganya kwa sababu neno moja, uvumilivu, limebeba vitu viwili ambavyo havina undugu.

Kwanza sheria yenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inasema kwenye makazi ya watu mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Nje ya makazi, magari makubwa ya abiria na ya mizigo yasizidi 80. Haikuandikwa "50 na ushee". Kwa hiyo kutosamehe hakuhitaji sheria mpya, kumo ndani ya maandishi tayari. Msamaha unaingia baadaye, pale sheria inapokutana na kipimo, na pale inapokutana na mtu.

Uvumilivu wa kipimo ni jambo la kitaalamu, na nchi nyingi zinazotumia kamera kwa uzito zinao. Ujerumani hukata kilomita 3 kwenye namba iliyosomwa na kifaa kama mwendo uko chini ya 100. Ufaransa hukata 5. Uingereza, mwongozo wa polisi unataka asilimia 10 ya kiwango kisha maili 2 juu yake, hivyo penye kibao cha maili 30 dereva huanza kushughulikiwa kwenye 35. Hesabu ya Ujerumani na Ufaransa inatokana na ukweli kwamba hakuna kifaa kisicho na kosa, na anayeadhibu lazima awe na hakika kabla ya kuadhibu. Maili tano za Uingereza ni nyingi kuliko kosa la kifaa chochote kizuri. Hapo tayari kuna huruma iliyochanganywa na kipimo.

Wauza samaki wa Mwaloni Kirumba hawahitaji kufundishwa hili. Mizani ina kosa lake dogo linalojulikana, inakaguliwa, inapigwa muhuri. Mnunuzi wa sangara atakubali kosa hilo la mizani, lakini hatakubali muuzaji aweke kidole. Tochi nayo ni mizani. Ya rada hutuma mawimbi yanayotanuka kadiri yanavyokwenda mbali, hivyo penye magari matatu yanayoongozana mwendeshaji wake lazima ajue amesoma lipi. Ya leza mwale wake ni mwembamba, unachagua gari moja. Zote mbili, zikielekezwa kwa pembe badala ya uso kwa uso, husoma pungufu ya mwendo halisi. Kwa pembe ya nyuzi 20, gari la 50 litaonekana la 47. Anayesimama kando ya barabara anaelekeza kwa pembe kila mara, hata iwe ndogo, hivyo kosa hili linampendelea dereva.

Na ile hoja ya "spidomita yangu iliniambia 50"? Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, ambayo watengenezaji wengi wa magari wanaifuata, inakataza spidomita kuonyesha mwendo mdogo kuliko halisi. Inaruhusiwa kuzidisha tu, mpaka asilimia 10 na kilomita 4 juu. Ndiyo maana ukilinganisha dashibodi na ramani ya simu, mara nyingi dashibodi iko mbele kwa kilomita mbili, tatu au nne. Mshale ukiwa kwenye 50, kwa kawaida gari linatembea 46 au 48. Dereva alishapewa msamaha kiwandani, na mwenye 53 ya tochi huenda dashibodi yake ilikuwa inamwambia 56.

Isipokuwa kwa kundi moja, na hapa kwetu si dogo: waliobadilisha matairi. Mtu ana gari dogo la Kijapani, anaishi Kishiri au Nyasaka ambako njia ya kuingia nyumbani ni mawe, anaweka matairi makubwa kuliko ya kiwandani ili gari liinuke. Tairi likiwa na mzunguko mkubwa kwa asilimia 8, gari linakwenda asilimia 8 zaidi ya spidomita inavyodhani. Msamaha wote wa kiwandani umeliwa, pengine kwa ziada. Huyu anaweza kuapa kwa dhati kwamba alikuwa 50, na tochi ikasoma 52 kwa haki. Sidhani kama hilo linamwondolea wajibu, kwa sababu tairi alilichagua yeye. Lakini fundi aliyemfunga angalau angemwambia, na sijawahi kumsikia fundi akisema.

Basi uvumilivu wa kwanza ubaki. Kilomita 3 za kifaa, zijulikane, zikatwe kwa kila mtu, na risiti ionyeshe namba iliyosomwa na namba iliyobaki. Penye kibao cha 50, mwenye kubaki na 51 baada ya makato amevunja sheria, basi.

Uvumilivu wa pili ndio unaotutafuna. Huu ni wa hiari ya aliyesimama barabarani. Akiamka vizuri, 58 inapita. Akiamka vibaya, 52 inalipa. Anayemjua mkubwa anapita, asiyemjua analipa, na kati ya hao kuna mazungumzo ya dirishani ambayo kila Mtanzania anayeendesha anayajua. Watu wakisema wanapinga ukali kwa sababu una uonevu, mara nyingi wanachokieleza ni uonevu wa hiari hii. Na hiari haiwezi kuwepo bila msamaha usio na kipimo. Mahali ambapo kila mtu anajua mstari uko wapi, hakuna cha kuzungumza dirishani.

Mwezi uliopita nilipanda haisi ya kutoka Kisesa. Tulikuwa tumebanana, miguu yangu juu ya ndoo ya dagaa ya mama mmoja, na kutoka nilipokaa niliona dashibodi vizuri. Mshale ulikuwa kati ya 75 na 80 tulipoingia penye nyumba za watu. Fuso lililokuwa linakuja likawasha taa mara mbili. Suka, dereva wetu, hakusema neno, konda ndiye aliyesema, "Wapo mbele." Mshale ukashuka, 70, 60, 48. Tukampita askari na tochi yake kwa adabu kabisa, mama wa dagaa hata akamsalimia. Mita mia mbili mbele, kabla hatujafika shule ambayo watoto walikuwa wanatoka, mshale ulikuwa umerudi 70.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa kubishania kilomita tatu peke yake. Hofu ya yule suka ilikuwa na urefu wa mita mia kadhaa. Hata ungemwambia faini inaanzia 51 au 71, angefanya vilevile, kwa sababu alijua tochi iko wapi na alijua haiko shuleni. Kinachobadilisha mguu wa dereva ni uhakika wa kuonekana, kuliko ukubwa wa adhabu au ukali wa mstari. Ufaransa ilipoanza kuweka kamera zinazojiendesha zenyewe mwaka 2003, vifo vya barabarani vilipungua sana katika miaka iliyofuata, na pale kamera ilikuwa inakata kilomita 5 kwa kila mtu muda wote. Ilikuwa inavumilia kidogo, lakini haikulala, na haikuongea na mtu dirishani.

Kwa mabasi ya mikoani sisi tayari tuna kitu cha namna hiyo. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, inayafuatilia kwa kifaa kilichofungwa ndani ya basi, kinachotuma taarifa za mwendo, iwe ni Nyegezi au porini ambako hakuna trafiki. Basi halina wa kuliwashia taa likaponea. Nimesafiri na madereva waliokuwa wakikilalamikia kifaa hicho njia nzima, na wakati huohuo wanakwenda 80. Haisi za mjini, Noah na magari yetu binafsi hayamo.

Kuna utafiti mmoja ambao anayetaka ukali, kama mimi, anapaswa kuuweka mezani mwenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Australia waliwaweka madereva kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji. Waliwagawa: wengine waliambiwa watatozwa wakizidisha kilomita 1, wengine 6, wengine 11. Waliobanwa kwenye kilomita 1 walilemewa zaidi akilini, na waliona vibaya zaidi vitu vilivyotokea pembeni mwa macho yao. Pembeni mwa macho ndiko anakotokea mtoto wa Nyakato. Hoja hii ina nguvu na siwezi kuipuuza. Ninachojibu ni kwamba inamwelemea dereva anayejaribu kugusa 50 kamili, anayetaka kula mpaka mfupa. Anayekwenda 45 hana haja ya kuikodolea macho dashibodi. Tatizo ni kwamba tumezoea kusoma kibao cha 50 kama mwendo wa kufikia, ilhali kinataja mwendo wa juu kabisa usiopaswa kuvukwa.

Na tunachokigombania ni nini hasa? Kilomita 10 za makazi kwa mwendo wa 50 usiokatika ni dakika 12. Kwa 60 ni dakika 10. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3. Kwa 50 unalivuka kwa dakika tatu na sekunde 36, kwa 80 ni dakika mbili na robo. Tofauti ni sekunde 81. Tuliokaa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo miaka ile, jua likiwaka, tukila mihogo na kuhesabu malori, hatuwezi kusema kwa moyo mweupe kwamba sekunde 81 zina uzito.

Upande wa pili wa hesabu ni huu. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo wa magari ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali za vifo hupanda kwa asilimia 4. Asilimia 1 ya 50 ni nusu kilomita. Wastani wa barabara nzima ukitoka 50 hadi 53, hatari hiyo hupanda kama robo. Dereva mmoja mmoja haioni robo hiyo, kwa sababu yeye siku hiyo amefika salama. Inaonekana hospitali ya Bugando, kwenye wodi ya mifupa.

Sasa sehemu ambayo madereva wana haki kamili, na wanaotaka ukali mara nyingi wanairuka. Shemeji yangu anaendesha lori la mizigo. Mwaka jana alitozwa nje kidogo ya mji, ng'ambo ya Usagara, mahali ambapo nyumba zimekwisha, kulia ni mpunga, kushoto ni majabali. Kibao cha kuingia 50 kilikuwepo nyuma huko. Cha kumaliza 50 kimebaki nguzo tupu, bati lake limeshakuwa chuma chakavu. Alikuwa na 63. Kwa maandishi, hajatoka kwenye 50. Kwa macho ya binadamu yeyote, ametoka kitambo. Alilipa, na tangu siku hiyo ukimtajia usalama barabarani anacheka kwa uchungu. Mtu kama huyo amepotezwa, na alikuwa dereva mzuri.

Sisi watu wa ziwa tunakijua kikomo ni nini. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Tangu siku hiyo, neno "ongeza mmoja tu" huku kwetu lina sauti nyingine. Lakini namba 101 ilitoka kwenye chombo chenyewe, upana wake na uzito wake majini. Namba ya kibao cha barabarani inawekwa na mtu, na mtu anaweza kuiweka pasipo mahali pake, au akaiweka vizuri kisha akaiacha wakati mji umekua na kuipita. Buhongwa ya leo si Buhongwa ya miaka ishirini iliyopita. Ukitaka dereva asisamehewe hata kilomita moja, kibao nacho kisisamehewe hata mita mia. Penye nyumba kiwepo, zilipokwisha kiseme zimekwisha.

Tena pale watu wanapotembea miongoni mwa magari, 50 yenyewe ni namba ya kuvumilia. Azimio la Stockholm la usalama barabarani, la Februari 2020, linataka 30 mahali pa namna hiyo. Kwa 30, gari la hesabu yangu linasimama ndani ya mita 18, nusu ya njia ya kufikia mwavuli.

Kuna na faini. Kwa miaka mingi kosa la mwendo limekuwa shilingi 30,000, uwe umezidisha kilomita nne au arobaini. Hapo ndipo kutosamehe kunapoonekana ukatili, na kweli ni ukatili, kwa sababu mwenye 54 na mwenye 95 katikati ya Igoma wanapewa karatasi ileile. Ukali wa mstari unahitaji ngazi za adhabu. Ufaransa, kuanzia Januari 1, 2024, aliyezidisha chini ya kilomita 5 hapotezi tena pointi ya leseni, ila faini iko palepale. Kosa linabaki kosa, kinachopimwa ni uzito wake. Mwenye kilomita tatu alipe kidogo lakini alipe kila mara. Mwenye arobaini asimame mbele ya hakimu.

Kama ningeulizwa nianzie wapi, ningeanzia vijiji na mitaa ambayo shule imekaa kando ya lami, kamera iwekwe pale watoto wanapovukia na wala si pale kichaka kilipo, ikate kilomita 3, isiongee na mtu. Kwenye barabara ya wazi, porini kuelekea Sengerema au Misungwi, nisingeanza na kilomita tatu za mtu. Huko ningeshughulika na anayeovateki kwenye kona.

Dada wa miamala aliniuliza nahesabu nini. Nikamweleza. Akasema yeye hutambua gari litakalosimama kwa mlio wa injini kabla halijafika kwenye mwavuli, na watoto wa shule wameshajifunza kumwangalia yeye usoni kabla ya kuvuka, akitikisa kichwa hawavuki. Nikamuuliza zebra inaanzia wapi hasa, maana mistari miwili ya upande wake imefutika, na hatua yangu ya kwanza niliianza kwa kukisia. Akanionyesha kwa kidole penye jiwe jeupe. Jiwe hilo, alisema, aliliweka yeye.